Mtoki Usio na Kidonda

IKIWA ulilelewa Ukambani, msomaji, au ulikuwa ukipelekwa huko kwa nyanya kila shule zilipofungwa, hukuhitaji daktari akueleze maana ya mtoki. Ulikanyaga mwiba wa mgunga ukichunga mbuzi, ukauchomoa, ukaendelea na mchezo. Siku ya pili ukahisi kitu kigumu kinenani, mithili ya kokwa, kinachouma ukitembea. Nyanya hakuhangaika na kinena. Aliuinua mguu akautazama unyayo, kwani alijua kwamba mtoki ni mjumbe tu na aliyemtuma yuko chini. Kidonda kilipopona, mtoki nao ulitoweka.

Sasa tuseme mama yako, aliyebaki nyumbani Mutomo au Kibwezi, ana mtoki uliokataa kutoweka. Hauumi. Ulianza kama punje ya mbaazi wakati wa kuvuna ndengu, na sasa umefika ukubwa wa ndimu. Nyayo zimetazamwa, hazina jeraha. Zahanati imempa antibiotiki mara mbili bila mafanikio. Hatimaye, katika hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe ni Kitui mjini au Wote, kipande cha nyama kimekatwa na kupelekwa maabara, na jibu limerudi na neno moja geni: melanoma. Chini yake daktari ameandika kwamba uvimbe wa kwanza haujulikani uliko.

Hapo ndipo familia nyingi za mjini hujikwaa. Mnakutana Jumapili nyumbani kwa kaka mkubwa, Umoja au Kayole, na kabla chai haijamiminwa mmoja anasema, "Ikiwa hata madaktari hawajui ilikoanzia, basi imejaa mwili mzima. Tumwache mama apumzike." Mwingine anataka shamba liuzwe kesho yake. Wote wawili wamekata kesi kabla ya kusikiza ushahidi. Kutojulikana kwa chanzo si hatua ya ugonjwa. Kinachoamua zaidi maisha ya mgonjwa huyu ni mahali saratani ilipofika, wala si mahali ilipotoka. Isitoshe, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wagonjwa wa aina hii, wakilinganishwa na wenzao walio katika hatua ile ile ambao chanzo chao kinajulikana, huishi muda ule ule na pengine mrefu zaidi.

Maneno hayo yanahitaji maelezo, na ndiyo shabaha ya makala haya.

Nyeusi juu ya nyeusi

Melanoma ni saratani ya chembechembe zinazotengeneza rangi ya mwili. Kwa kuwa rangi hiyo hutukinga na jua, sisi wenye ngozi nyeusi hatuugui maradhi haya kwa wingi kama Wazungu. Nchini Marekani hukadiriwa kwamba Mzungu mmoja kati ya 33 atapata melanoma maishani mwake, ilhali kwa watu weusi ni mmoja kati ya 1,000. Kwa hivyo usianze kumshuku kila mwenye baka. Tezi iliyovimba huko Mwingi au Makindu, mara nyingi zaidi, ni kidonda cha mguu, ni kifua kikuu cha tezi, ni virusi vya Ukimwi, au ni saratani ya aina nyingine. Ndiyo maana kipande cha nyama ni lazima. Tezi ngumu isiyouma iliyokaa zaidi ya mwezi mmoja haitambuliwi kwa kuibonyeza kwa vidole, hata vidole vya mganga mashuhuri.

Hata hivyo, inapomfika mtu mweusi, melanoma huchagua mahali ambapo watu hawatazami na ambapo rangi ni hafifu: unyayo, kiganja, chini ya ukucha, ndani ya mdomo au pua, sehemu za siri, njia ya haja kubwa. Wapo wanaodhani kwamba kutembea miguu mitupu na kuchomwa na miiba ndiko kunakoileta, lakini jambo hilo halijathibitishwa, na wazee waliovaa akala maisha yao yote wasijilaumu.

Mgonjwa mashuhuri kuliko wote mnamjua, hasa nyinyi wanafunzi mnaobandika picha zake ukutani. Bob Marley aligunduliwa kuwa na melanoma mwaka 1977, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Palidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira tu. Alikataa kukatwa kidole, akatolewa ukucha na sehemu ya nyama. Mwezi wa Aprili 1980 aliimba Harare, wakati huo ukiitwa Salisbury, katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki Miami akiwa na miaka 36, saratani ikiwa imefika kwenye mapafu na ubongo. Chanzo chake kilijulikana tangu mwanzo. Kujulikana huko hakukumwokoa.

Kwa upande mwingine, kati ya kila wagonjwa 100 wa melanoma, takriban watatu hupatikana na uvimbe kwenye tezi au ndani ya mwili bila alama yoyote ya ule wa kwanza. Ulikwenda wapi? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba uliuawa. Askari wa mwili, zile chembechembe nyeupe za damu, waliuvamia ukiwa bado mdogo pale kwenye ngozi, wakaumaliza, pengine bila mwenyewe kuhisi lolote zaidi ya mwasho. Lakini mbegu zilikuwa zimeshapeperushwa hadi kwenye tezi. Mti umekauka, mche uko shamba la jirani. Wataalamu waliopima chembe za urithi za uvimbe wa namna hii, hasa kwa Wazungu, wamekuta katika nyingi makovu yanayoachwa na miale ya jua, dalili kwamba zilianzia kwenye ngozi ingawa ngozi haina kitu tena. Wachache wanashikilia kwamba kuna chembechembe za rangi zinazokaa ndani ya tezi tangu kuzaliwa, na kwamba saratani huweza kuanzia humo humo.

Ukilikubali elezo la kwanza, utaelewa kwa nini wagonjwa hawa hawafanyi vibaya kuliko wengine. Mwili uliofaulu kuua uvimbe wa kwanza ni mwili ambao askari wake wanamjua adui kwa sura.

Kovu lililosahaulika

Kabla ya kukubali kwamba chanzo hakijulikani, hakikisha kimetafutwa. Mwaka 1963 madaktari watatu wa Marekani, Das Gupta na wenzake wawili, waliweka masharti ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi hii. Walisema mgonjwa asihesabiwe kuwa wa chanzo kisichojulikana ikiwa aliwahi kuondolewa jicho. Ikiwa aliwahi kukatwa au kuchomwa baka, sunzu au alama ya kuzaliwa, au kutibiwa ukucha uliooza, bila nyama hiyo kupimwa. Ikiwa ana kovu katika eneo ambalo maji yake huishia kwenye tezi iliyovimba. Au ikiwa hakuvuliwa nguo akakaguliwa mwili mzima, pamoja na macho, sehemu za siri na njia ya haja kubwa.

Yasome tena masharti hayo ukiwaza kijiji chako. Ni wazee wangapi waliokatwa sunzu kwa wembe? Wangapi waliong'olewa ukucha mweusi na jirani, au wakachomwa baka kwa dawa ya mitishamba miaka ya themanini? Vitu hivyo havikuandikwa kwenye faili yoyote. Vimeandikwa katika kumbukumbu ya mgonjwa peke yake.

Na hapa niseme wazi jambo ambalo halitawapendeza wote. Ni desturi yetu kumficha mzazi ugonjwa wake. Watoto humchukua daktari kando na kumsihi, "Usimwambie mama ni saratani, atakufa kwa hofu." Daktari naye, kwa huruma, hunyamaza. Matokeo yake ni kwamba mtu pekee anayekumbuka kile kidoa kilichokuwa kisiginoni mwaka alipomzaa kitinda mimba haulizwi, au anaulizwa juu juu na hajui kwa nini anaulizwa. Huwezi kumtafuta mhalifu huku umemfungia shahidi chumbani. Mwambieni. Aambiwe kwa Kikamba, akiwa ameketi, na mtu anayemheshimu, kisha aulizwe polepole. Nimewaona wazee wakiipokea habari hiyo kwa utulivu kuliko wanao waliosomea chuo kikuu.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Kila tezi ina eneo lake. Za kinena hupokea kutoka mguu mzima, makalio, sehemu za siri, njia ya haja kubwa, na sehemu ya chini ya tumbo na mgongo. Za kwapani hupokea kutoka mkono, kifua na mgongo wa juu. Za shingoni hupokea kutoka kichwani, usoni na mdomoni. Hapo nywele zipanguliwe, na meno ya bandia yatolewe. Kwa mtoki wa mama yako, basi, kinachohitajika ni mwanga mzuri, beseni la maji ya kuoshea vumbi la Ukambani nyayoni, na muuguzi asiye na haraka atakayetazama katikati ya vidole na chini ya kila ukucha. Si kila melanoma ni nyeusi pia. Kuna zenye rangi ya waridi zinazofanana na kidonda kibichi cha kawaida.

Hatua ya 3 au ya 4?

Swali la kumwuliza daktari, basi, si "Ilitoka wapi?" wala "Amebakiza miezi mingapi?" Uliza: "Iko hatua ya ngapi, na mmejuaje?"

Kwa kawaida hatua za melanoma huanza kuhesabiwa kwa kupima unene wa ule uvimbe wa kwanza kwa milimita. Hapa hakuna cha kupima, kwa hivyo kipimo hicho huandikwa sifuri, na hesabu huanzia kwenye tezi. Katika mwongozo wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2018, mgonjwa ambaye saratani yake iko kwenye tezi za eneo moja tu huwekwa hatua ya 3. Ikiwa ni tezi moja iliyovimba, ni 3B. Ikiwa ni mbili au zaidi, au zimegandamana, ni 3C. Hata kinundu kimoja kilichopatikana chini ya ngozi, bila chanzo na bila kingine popote, huhesabiwa hatua ya 3. Hatua ya 4 ni pale ilipovuka eneo lake ikaenda mbali: kwenye ngozi au tezi za upande mwingine wa mwili, kwenye mapafu, ini, mifupa, au ubongo. Hapo hupimwa pia kitu kiitwacho LDH kwenye damu. Kikiwa juu, mambo ni mazito zaidi.

Tofauti kati ya 3 na 4 ni kubwa. Katika takwimu zilizotumika kuandaa mwongozo huo, za wagonjwa waliogunduliwa tangu 1998 huko Marekani, Ulaya na Australia, kati ya kila 100 wa hatua ya 3B, 83 hawakuwa wamekufa kwa melanoma baada ya miaka mitano. Wa 3C walikuwa 69. Kwa hatua ya 4, kabla ya mwaka 2011, wengi hawakumaliza mwaka. Sasa mfikirie yule kaka aliyesema mama aachwe apumzike. Huenda alikuwa akimzungumzia mtu wa hatua ya 3B.

Zichukue hesabu hizo kwa tahadhari. Wagonjwa waliohesabiwa karibu wote ni Wazungu, wenye hospitali jirani na nyumbani. Melanoma ya unyayo, ambayo ndiyo yetu zaidi, ina tabia tofauti na ile ya jua na huitikia dawa mpya kwa uchache zaidi. Mwanamke wa Mutomo aliyekaa na mtoki mwaka mzima hawezi kuahidiwa 83 kati ya 100. Lakini hawezi kunyimwa kupimwa pia.

Kupimwa kwenyewe kunamaanisha picha ya CT ya kifua, tumbo na nyonga, na ya kichwa ikiwezekana. Kuna pia mashine ya PET inayopiga picha mwili mzima na kuonyesha chembechembe zinazokula sukari kwa pupa. Hizo ziko Nairobi, katika hospitali ya Aga Khan na katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019. Mara chache PET hukifichua hata kile chanzo kilichojificha. Ombeni pia kwamba kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa ndani ya nta maabara kisitupwe. Kitahitajika kuthibitisha jibu kwa rangi maalumu, maana kuna saratani nyingine zinazojifanya melanoma, na kupima chembe ya urithi iitwayo BRAF, ambayo ikiwa na kasoro kuna vidonge vyake.

Matibabu ya hatua ya 3 huanza na kisu. Daktari wa upasuaji huondoa tezi za eneo lile, si ile iliyovimba peke yake. Kumnyofoa mgonjwa uvimbe mmoja katika chumba cha upasuaji mdogo na kumrudisha nyumbani ni kazi nusu, na pengine ni hasara, kwa sababu upasuaji wa pili hupita kwenye makovu.

Kisha zipo zile dawa za kuamsha askari wa mwili: ipilimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, na nivolumabu na pembrolizumabu za mwaka 2014. Waligundua njia hiyo James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, wakatuzwa Nobel mwaka 2018. Katika utafiti mmoja mkubwa wa wagonjwa ambao melanoma yao ilikuwa haiwezi kuondolewa kwa upasuaji au ilikuwa imeenea, matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kwamba kati ya kila 100 waliopewa ipilimumabu na nivolumabu pamoja, 43 walikuwa hai baada ya miaka kumi. Mtu aliyefunzwa udaktari miaka ya tisini angelicheka ungemwambia hivyo.

Bei yake haichekeshi. Dozi moja Nairobi ni mamia ya maelfu ya shilingi, na matibabu ya kawaida huenda mwaka mzima. Bima ya Taifa ya NHIF iliondoka ikaja SHA tarehe 1 Oktoba 2024, na fungu lake la saratani lina kikomo cha mwaka kwa kila familia. Uliza kikomo hicho kabla ya dozi ya kwanza, si baada ya ya tatu. Makueni ilisifika kwa mpango wake ulioanza 2016, wa kaya kulipa shilingi 500 kwa mwaka, lakini huo ulilenga matibabu ya hospitali za kaunti. Iko habari moja ya kutia moyo kwa watu wa mfuko mdogo. Utafiti ulioongozwa kutoka Uholanzi na kutangazwa 2024 uliwapa wagonjwa wa hatua ya 3 dozi mbili tu za dawa hizo mbili kabla ya upasuaji. Baada ya mwaka mmoja, takriban 84 kati ya 100 ugonjwa wao ulikuwa haujaendelea wala kurudi, ikilinganishwa na 57 waliopasuliwa kwanza kisha wakachomwa sindano za mwaka mzima, na wengi walioitikia vizuri hawakuhitaji dozi zaidi. Mwulizeni daktari wa saratani kuhusu mpango huo kwa jina lake: dawa kabla ya kisu.

Iwapo vipimo vimeonyesha hatua ya 4 na imefika ubongoni, na fedha hazipo, basi swali la shamba linajibiwa tofauti, na hakuna aibu kuchagua dawa za maumivu na kukaa nyumbani. Lakini hilo ni la kuamuliwa na mama mwenyewe, picha za CT zikiwa mezani.

Baada ya tezi za kinena kuondolewa, mguu huo huweza kuvimba, wakati mwingine maisha yote, kwa kuwa mifereji ya kupitishia maji imekatwa. Asisimame siku nzima akipepeta ndengu. Avae soksi ya kubana, alale mguu ukiwa juu ya mto, na asitembee tena bila viatu, kwani mchubuko mdogo wa mwiba utaingiza uambukizo usiotoka upesi. Kliniki atarudi kila miezi mitatu au minne kwa miaka miwili ya kwanza. Kila anapofika avue viatu na nguo, atazamwe ngozi yote, kwa sababu wapo wagonjwa ambao kile kidoa kilichokosekana hujitokeza baadaye.